Fundi Kisigino na Vidonge vya Kucha

Kwa miaka thelathini na minne fundi huyu alikuwa akiishi kwa kutazama miguu ya watu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja tu, chenye mlango wa mbao wa mabawa mawili, kati ya duka la vioo na stoo ya fundi rangi. Ndani kulikuwa na meza fupi iliyojaa makovu ya kisu, cherehani nzito ya kushonea ngozi, rafu ya kalibu za mbao zenye umbo la mguu, zilizopangwa kwa ukubwa kuanzia mguu wa mtoto anayejifunza kusimama, na makopo ya dawa ya viatu: nyeusi, kahawia, na ile ya damu ya mzee ambayo siku hizi wachache huiulizia. Harufu ya gundi na ngozi ilikuwa imezama hadi kwenye kuta.

Watu walimwita Kisigino. Jina hilo alilipata kwa sababu mteja akiingia, hata kabla hajaeleza shida yake, yeye husema, "Hebu nione kisigino kwanza." Akikigeuza kiatu kiganjani, alimsoma mwenye kiatu kama mtu anayesoma barua. "Wewe mama, mzigo unaubeba upande wa kulia," atasema, na yule mama atacheka, maana mkoba uko bega la kulia muda huo huo. "Wewe huna haraka na maisha, soli imelika sawasawa pande zote." Wengine walileta viatu visivyo na shida yoyote kubwa, ili mradi wasomewe tu.

Miguu yake mwenyewe, hata hivyo, hakuna aliyeijua. Jua kali au mvua, Kisigino alivaa viatu vya kufunika na soksi nene. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, akisimama ndani ya mabuti ya mpira kutoka asubuhi hadi jioni, maji yakiwa yameingia ndani ya mabuti na hayana pa kutokea. Fangasi walimwingia huko. Alipoacha kiwanda, wao hawakumwacha. Kucha tano za miguu yake zilikuwa nene na za njano kama pembe ya zamani, na ukizigusa zilimomonyoka kama udongo mkavu. Aliyejua siri hiyo ni mkewe peke yake.

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu. Alifundisha darasa la pili miaka karibu thelathini, na mumewe hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila Mwalimu, hata wakiwa wawili tu sebuleni. Naye alimwita Fundi. Walipozaa mtoto wao wa kiume, ambaye ndiye pekee, majirani walitania kwamba nyumba ile sasa imekamilika, kilichobaki ni kumtafuta daktari. Mtoto hakuwa daktari. Alikwenda kuuza mabomba ya maji, akaoa, akapata binti.

Huyo mjukuu ndiye aliyeanzisha yote haya.

Mtoto wa Kisigino alikuwa amehamia nyumba mpya yenye zulia la rangi ya maziwa, na mke wa kijana huyo aliomba kila anayeingia aache viatu mlangoni. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana Kisigino alijinyoosha kwenye kochi, soksi zikiwa miguuni, usingizi ukampitia. Mjukuu, aliyekuwa na miaka minne na mikono isiyotulia, akamvua soksi moja. Kisha akamwita baba yake, mama yake na bibi yake waje kuona.

"Babu ana kucha za kobe," alisema, kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu cha maana.

Watu walicheka. Kisigino mwenyewe alicheka, akamwambia mjukuu kwamba ndiyo maana babu hutembea polepole. Lakini alivaa soksi yake upesi, na njiani kurudi nyumbani alitangulia hatua kadhaa mbele. Walipokaribia mlango wao Mwalimu alimwuliza kama amechukia.

"Sijachukia. Mtoto amesema alichokiona. Nimefikiri tu kwamba ninaitunza miguu ya watu wote hapa mjini, na ya kwangu nimeiacha."

Jumatatu alikwenda kliniki. Tabibu, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya taratibu, alikata kipande cha kucha akakipeleka maabara, akamtoa na damu. Baada ya siku kadhaa Kisigino aliitwa tena. Ni fangasi kweli, aliambiwa, na walioingia ndani ya kucha namna ile hawasikii dawa ya kupaka. Angemeza kidonge kimoja kila siku kwa miezi mitatu.

"Damu yako ni nzuri," tabibu alisema, "kwa hiyo unaweza kuanza. Ila baada ya mwezi mmoja urudi tupime tena, tuangalie ini."

"Ini na kucha za miguu vinajuana vipi?"

"Kidonge unakimeza mdomoni. Kinaingia tumboni, kinaingia kwenye damu, ini linakichakata, ndipo kinafika kwenye kucha."

"Kumbe kucha inatibiwa kwa kuzunguka mji mzima."

"Ndiyo. Na sisi tunataka kujua huko kote kinakopita hakuna kilichoharibika." Kisha tabibu akamhesabia kwenye vidole dalili za kuangalia: kukinai chakula, uchovu usioelezeka, kuwashwa mwili, mkojo kuwa mweusi, macho kuwa ya njano. "Ukiona hata moja, acha dawa, uje. Usisubiri tarehe."

Kisigino aliitikia kila neno. Lakini alisikiliza kama anavyosikiliza wateja wanaomwelekeza jinsi ya kushona: kwa heshima, huku akili iko kwenye kazi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa soksi, aliinama kitandani na rula yake ya chuma akapima. Chini kabisa, karibu na nyama, kucha mpya ilikuwa inachomoza, safi, ya waridi, pana kama uzi. Wiki iliyofuata ikawa pana kama nyuzi mbili. Alimwita Mwalimu aone. Mwalimu alivaa miwani, akatazama, akasema angempa alama nane kwa kumi, na mbili zilizobaki atazipata akimaliza muhula.

Tarehe ya kupima damu iliangukia wiki ile shule zinapofunguliwa. Mtu yeyote anayejua kazi ya viatu anaelewa maana yake. Viatu vyeusi vya watoto vilijaa kwenye meza, chini ya meza, hadi kwenye kiti cha wageni: vidole vilivyotoboka, soli zilizoachama, kamba zilizokatwa kwa meno. Wazazi walisimama mlangoni wakisema kesho, fundi, ni lazima kesho. Kisigino akajiambia atakwenda kliniki wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na ya kwake.

Vidonge vilipokaribia kwisha alipita duka la dawa kuchukua pakiti ya pili. Muuzaji, binti makini aliyevaa koti jeupe, alisoma karatasi yake akamwuliza, "Damu umeshapima, mzee?"

"Nimepima," alisema Kisigino.

Na kweli alikuwa amepima, mara moja, kabla ya kuanza. Binti akampa pakiti, naye akaondoka akihisi kwamba amejibu alichoulizwa.

Kilichoanza kupotea ni ladha. Siku moja mezani alimwuliza Mwalimu kama chumvi imehama nyumba hii. Mwalimu akaonja chakula chake, akasema chumvi ipo. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na keshokutwa chai ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Mwalimu alidhani mumewe ameanza kuchagua chakula uzeeni, akaudhika kidogo. Kisha ukaja uchovu. Nyundo aliyoishika tangu ujana ikawa nzito kama imebadilishwa, na saa tano asubuhi Kisigino alijikuta amelala amekaa, kiatu cha mtu mapajani. Akasema ni kazi za shule. Mwili ukaanza kumwasha, mikono na mgongo, bila kipele hata kimoja. Akawa anajikuna mgongo kwa kalibu ndogo kuliko zote rafuni. Akasema ni vumbi la ngozi. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Akasema ni joto, akaongeza maji ya kunywa. Kila kitu alikuwa na maelezo yake, na kila maelezo peke yake yalikuwa na akili. Hakuviweka pamoja hata mara moja.

Na hakuna aliyeona rangi yake kubadilika, kwa sababu mikono ya Kisigino tangu zamani ilikuwa ya kahawia na njano kwa dawa za viatu, na usoni alikuwa na tabia ya kujipangusa jasho kwa mikono hiyo hiyo.

Aliyeona ni fundi rangi.

Huyu jirani alikuwa mtu mkubwa, mkimya, ambaye kazi yake ilimfundisha kutofautisha vyeupe kumi na vinne na kuvitaja vyote. Walikuwa wamekaa mlango kwa mlango miaka kumi na tisa. Alhamisi moja asubuhi alikuja na buti lake lililoachama, akamkuta Kisigino amesimama mlangoni, jua likimpiga usoni. Akasahau buti.

"Jirani, tazama juu."

"Kuna nini juu?"

"Hakuna kitu. Tazama tu."

Kisigino akatazama juu. Fundi rangi akamsogelea, akamshika kidevu kama anayekagua ukuta, akamgeuza kushoto na kulia.

"Macho yako yana rangi," alisema.

"Macho ya nani hayana rangi?"

"Sehemu nyeupe, jirani. Mtu akizeeka nyeupe yake huchoka kidogo, hiyo naijua. Hii si kuchoka. Hii ni ndizi inayoanza kuiva." Alimwachia kidevu. "Funga mlango twende hospitali."

"Nina jozi saba za leo."

"Wenye viatu hivyo wana viatu vingine nyumbani. Wewe macho unayo hayo hayo mawili."

Kisigino alitaka kubisha, akagundua kwamba hana nguvu za kubishia. Alikaa kwenye kigoda akamtazama jirani yake akifunga bawa la kwanza la mlango, kisha la pili. Walipitia nyumbani kumchukua Mwalimu. Alitoka uani akijipangusa mikono, akamtazama mumewe kwenye mwanga, akaweka mkono mdomoni.

"Nilikuwa nikikagua macho ya watoto wa watu kila Jumatatu asubuhi," alisema polepole. "Kila Jumatatu. Na haya yanalala pembeni yangu."

"Mwalimu, usianze," alisema Kisigino.

"Sijaanza. Nachukua mkoba."

Hospitalini walipokewa na daktari wa kike, kijana, mwenye kalamu mbili kwenye nywele ambazo alionekana kuzisahau zote. Alimlaza Kisigino kitandani, akambonyeza chini ya mbavu upande wa kulia, akatazama macho, akatazama viganja.

"Mzee, unatumia pombe?"

"Natumia chai, daktari. Na siku hizi hata chai yenyewe imekataa kuwa chai."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu, nne."

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana. Mimi dawa yangu ni dawa ya viatu tu."

Fundi rangi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Daktari naye alitabasamu. Lakini Mwalimu hakutabasamu. Alikuwa ameuweka mkoba magotini na kuufungua, akatoa pakiti ya vidonge iliyobaki nusu, akaiweka juu ya shuka.

"Na hii, daktari. Hii si ya viatu, lakini ni ya miguu."

Kisigino aliitazama pakiti kama mtu aliyekutana na jamaa yake mahali asipotegemea. Ni kweli alikuwa amesema hatumii dawa. Kichwani mwake dawa ni kitu anachomeza mgonjwa, na yeye hakuwa mgonjwa. Alikuwa na kucha tu. Daktari alisoma jina kwenye pakiti, akachomoa kalamu moja kwenye nywele.

"Umemeza kwa muda gani?"

"Wiki ya saba hii."

"Kipimo cha damu cha mwezi wa kwanza kilisemaje?"

Kisigino aliisogeza pakiti pembeni kwa kidole.

"Sikwenda," alisema Kisigino. "Shule zilikuwa zinafunguliwa."

Daktari hakumgombeza. Alisema kuanzia sasa hivi asimeze hata kidonge kimoja zaidi, akaagiza damu itolewe, akampeleka kwenye kile chumba cha giza wanakopaka jeli baridi tumboni na kutazama viungo kwenye kioo. Mchana majibu yalikuwa tayari. Kwenye njia za nyongo hakukuwa na mawe. Virusi vya homa ya ini havikuonekana. Lakini kipimo kimoja cha ini, ambacho kwa mtu mzima kwa kawaida hakivuki arobaini, kwake kilikuwa kimepita elfu moja.

"Ini lako limeumizwa na vidonge hivi," daktari alimweleza, akiwa amekaa kwenye kiti ili wasemezane macho kwa macho. "Hii dawa inawaponya watu wengi na haiwafanyi lolote baya. Wachache sana ini lao linaikataa, na hakuna namna ya kumjua mtu huyo kabla hajaanza. Ndiyo maana tunapima katikati."

"Limekufa?"

"Halijakufa. Ini lina uwezo wa kujijenga upya kama kinacholiumiza kitaondoka. Tiba kubwa tumeshaianza: umeacha dawa. Lakini nitakulaza siku chache. Nataka nione damu inaganda vizuri, na nione akili yako iko timamu, kwa sababu ini likizidiwa kabisa mtu huanza kuchanganyikiwa."

Alilazwa kwenye wodi yenye vitanda sita, karibu na dirisha. Kila asubuhi muuguzi alimwuliza leo ni siku gani, kisha akamtaka ahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Siku ya kwanza Kisigino alihesabu hadi moja, akauliza kama anataka na zile za nusu, kama ishirini na nusu, kumi na tisa na nusu. Muuguzi alimwita daktari kwa wasiwasi. Mwalimu ndiye aliyewaeleza kwamba mtu huyu anahesabu namba za viatu, na amekuwa hivyo tangu amwoe.

Siku ya tatu kipimo kilikuwa kimeshuka, si sana, ila kimeshuka. Mwalimu alikuja mchana na machungwa mawili. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumenya moja bila kisu, ganda likitoka refu bila kukatika, kama alivyokuwa akiwaonyesha watoto wa darasa la pili.

"Kuna jambo," alisema Kisigino. "Yule binti wa duka la dawa aliniuliza kama nimepima damu. Nikamwambia nimepima."

Mwalimu aliendelea kumenya.

"Nilikuwa nimepima ile ya mwanzo," aliongeza.

"Najua ulivyosema. Miaka yote hii, Fundi, hujawahi kunidanganya hata siku moja. Unasema nusu. Unatoa neno moja la kweli, mwenzake unamwacha nyumbani."

Kisigino alitazama dirishani, kwenye ua ambako mtu alikuwa akifagia majani. Aliona aibu, na aibu ile ilimkaa vizuri zaidi kuliko maelezo yote aliyokuwa akijipa wiki tatu zilizopita. Mwalimu alimpa kipande cha chungwa. Akakitafuna.

"Tamu," alisema.

"Umeanza tena."

Kisigino akamaliza kutafuna, akafikiri. "Sisikii ladha yoyote. Lakini ni baridi, na ina maji, na umenimenyea wewe. Nimefurahi."

"Hiyo ndiyo nzima," alisema Mwalimu, akampa kipande kingine.

Baada ya siku tano alirudishwa nyumbani. Daktari alitaka damu yake kila wiki, kisha kila wiki mbili, na alimkataza kazi ya gundi kwa miezi miwili, kwa sababu ya ule mvuke na kwa sababu alijua mtu wa aina hii akiruhusiwa kidogo atafanya kingi. Njano ilichukua muda wake. Ilitoka kwanza kwenye viganja, ikatoka usoni, ikang'ang'ania machoni. Fundi rangi alikuwa akipita kila asubuhi kukagua, akitangaza majina: leo ni siagi, leo ni krimu, leo, jirani, ni yai bichi. Kuwashwa kuliisha wiki ya tatu, na siku hiyo Kisigino alilala mchana wote kama mtoto mchanga.

Karakana haikufungwa muda huo wote. Siku alipolazwa, fundi rangi alikuwa ameandika mlangoni kwa herufi nzuri za bluu: FUNDI ANAUMWA, VIATU VIKO SALAMA. Watu walikuja, wakasoma, wengine wakagonga mlango wa jirani kuuliza hali yake. Wiki ya pili Mwalimu aliona si vizuri watu kukaa na wasiwasi wa viatu vyao, akachukua ufunguo, akaenda kufungua, kwa nia ya kuwarudishia tu. Alichokikuta ndani kilimshangaza. Mumewe alikuwa akikumbuka kila kiatu kwa kichwa. Hakuna karatasi, hakuna alama. Viatu vilikuwa vimelundikana, na mwenye ramani alikuwa kitandani.

Mwalimu alikata vipande vya karatasi ngumu, akavitoboa, akavifunga kwa uzi, akaandika kwa ule mwandiko wake mkubwa wa ubaoni: nani, tatizo gani, lini. Wenye haraka walirudishiwa viatu vyao, wengine wakaviacha vimsubiri fundi. Wateja wakatakiwa kuingia mmoja mmoja. Aliyeingia bila salamu alitoka nje akaingia upya. Wengine walikuwa wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye ndevu, na walipomwona, wakiwa wamesimama kwenye foleni, walinyoosha migongo bila kujua kwa nini.

Kisigino aliporuhusiwa kurudi kazini, miezi miwili na siku kadhaa baada ya ile Alhamisi, alikuta kiti cha wageni kimehamishwa na meza ndogo imewekwa karibu na mlango. Juu ya meza kulikuwa na mkasi, uzi, karatasi ngumu na miwani ya Mwalimu.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni meza yangu."

Alitazama rafu. Kila jozi ilikuwa na karatasi yake inayoning'inia. Ukutani, mahali palipokuwa na kalenda ya zamani, kulikuwa na kadi yenye jina la dawa ile ya kucha na maneno: ASIPEWE TENA MAISHANI. Kadi kama hiyo Mwalimu aliweka ndani ya pochi ya mumewe, na nyingine kwenye mkoba wake mwenyewe, kwa sababu daktari alikuwa amesema dawa hiyo Kisigino asiiguse tena, na kila mahali atakapotibiwa lazima aseme.

"Na nikisema nataka nafasi yangu?" Kisigino aliuliza.

"Nafasi yako ile pale, haijaguswa. Kaa."

Akakaa.

Ladha ilirudi mwishoni kabisa, wakati alikuwa ameshazoea kutokuwepo kwake. Walikuwa wamekaa nje wakati wa mapumziko, yeye na fundi rangi, kila mmoja na kikombe chake cha chai na mkate. Kisigino alipiga funda, akakitazama kikombe.

"Umetia sukari nyingi mno."

"Naweka hivyo hivyo siku zote," alisema fundi rangi. Kisha akaelewa, akageuka. "Unaisikia?"

"Ni kama asali iliyomwagika. Nitaugua tena." Lakini alikunywa yote, akaomba kikombe cha pili.

Kuhusu kucha, watu huuliza. Daktari alimwambia kwamba dawa iliyokwisha kuingia hubaki ndani ya kucha miezi kadhaa ikiendelea na kazi yake. Mwaka ulipogeuka, kucha nne zilikuwa zimetoka safi. Ya kidole gumba cha kushoto ilibaki vile vile, nene na ya njano, na Kisigino huing'arisha kwa tupa ile ile anayosawazishia soli. Mteja akilalamikia kucha zake mbele yake, hamkatazi kutibiwa. Humwambia dawa ipo na ni nzuri, akapimwe kwanza, na ikifika siku ya damu aache kila kitu aende, hata kama mji mzima hauna viatu. Halafu Mwalimu, kutoka kwenye meza yake, huongeza kwamba akiulizwa kama amepima ajibu jibu zima.

Kipimo cha mwisho kilisoma ishirini na saba. Daktari aliifunga faili yake. Kisigino alitaka kujua kama ishirini na saba ni nzuri kuliko arobaini au ni mbaya kuliko arobaini, maana kwenye viatu ni mguu wa mtoto. Daktari alimwambia ni nzuri, aende nyumbani.

Hakwenda nyumbani. Ilikuwa saa nne asubuhi, na karakanani kulikuwa na watu watano kwenye foleni. Mwalimu alikuwa akimweleza mwanamume mmoja mwenye tai kwamba kiatu kisichosafishwa matope hakipokelewi, na yule bwana alikuwa ameshaanza kutafuta kitambaa mfukoni. Kisigino aliingia, akavaa aproni yake. Mwalimu akainua macho juu ya miwani.

"Ishirini na saba," alisema Kisigino. "Daktari amesema ni nzuri. Nimemwuliza mara mbili."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akaandika kitu kwenye karatasi ngumu, akaifunga kwenye kamba ya kiatu, akampitishia jozi ya kwanza.